Kutoka Bendi ya Kiwanda hadi Gitaa Kavu

Kwenye karatasi za ajira nilikuwa mpanga madebe. Kiwanda chetu pale Singida mjini kilikamua mafuta ya alizeti. Kilikuwa mali ya shirika la umma, na shirika halikuwa na nafasi ya kazi iitwayo mpiga muziki. Kwa hiyo sisi wanabendi tuliandikishwa kwa majina ya kazi nyingine. Mpiga ngoma alikuwa mlinzi, mwimbaji alikuwa msaidizi wa maabara, nami nikawa mpanga madebe ambaye katika utumishi wangu wote sikupanga debe hata moja.

Asubuhi ya siku ya kwanza Meneja Utumishi aliniita ofisini, akaniambia ninyooshe mikono juu ya meza. Akaigeuzageuza kama mtu anayekagua kuku wa kununua.

"Wewe ndiye wa gitaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi usiguse debe lolote. Ukikatwa kidole na bati, Kiongozi atanijia juu. Nenda ghala la nyuma, wanakungoja."

Kiongozi wa bendi alikuwa Mzee Mkumbo, mtu wa Iramba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Sote tulimwita Kiongozi, hata mke wake. Siku ile alikuwa ameketi juu ya gunia la mashudu na gitaa lake la solo mapajani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Piga."

"Nipige wimbo gani, Kiongozi?"

"Piga tu. Nataka kujua kama una saa kichwani."

Vijana wa leo huenda hawajui bendi zile zilivyopangwa. Magitaa yalikuwa matatu. Solo ndilo lililoimba juu, likimjibu mwimbaji. Besi lilitembea chini. Katikati palikuwa na ridhimu, ambalo kazi yake ni kurudia mapigo yaleyale bila kuchoka ili wengine wawe na mahali pa kusimama. Mimi nilikuwa wa ridhimu. Tulipiga kwa piki, kipande kidogo cha plastiki ngumu unachokibana kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na sauti ilitoka kwenye amplifaya. Bila umeme, magitaa yale yalikuwa mbao zenye nyuzi.

Kiongozi hakuwa mtu wa kufoka. Ukichelewa pigo, aliacha kupiga, akakutazama. Besi likanyamaza, ngoma zikanyamaza, ukabaki wewe peke yako na kosa lako hewani. Hakusema neno. Akishaona umeelewa, alianza upya. Wapo waliokuwa wakiomba ruhusa ya ugonjwa kwa kuogopa ukimya ule. Mimi niliuvumilia, na ndio ulionifunza kazi. Tulipiga kwenye bwalo la wafanyakazi, kwenye sikukuu za taifa, na mara nyingine tulipandishwa lori la kiwanda hadi Kiomboi, Nduguti, Manyoni na Itigi. Kila tulikokwenda watu walitaja jina la Mkumbo kabla hatujashusha vyombo.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani yakajaa mafuta ya kula kutoka nje, na vijijini wakulima wakaanza kupeleka alizeti kwenye mashine ndogo za watu binafsi. Magunia yaliyokuwa yakifika kwetu yakapungua hadi ghala la nyuma likawa na mwangwi. Tulianza kusikia neno ubinafsishaji, kwanza redioni, halafu kwenye mikutano, mwisho kwenye foleni ya chai. Watu walianza kuongea kwa kunong'ona. Mlinzi wetu, yule mpiga ngoma, alikuwa akitazama kila gari geni lililoingia getini na kujaribu kukisia nani ndani yake ni mnunuzi.

Siku ilipofika, Meneja Mkuu alitukusanya uwanjani, akasoma maneno machache. Kiwanda kimepata mwekezaji. Baadhi ya wafanyakazi watabaki, wengine watapunguzwa. Kiongozi akanyoosha mkono, akauliza kuhusu bendi.

"Mwekezaji amenunua mashine za kukamua," Meneja Mkuu alisema. "Hakununua ngoma."

Vyombo vilikusanywa siku hiyohiyo. Kiongozi aliomba abaki na gitaa lake la solo, akaambiwa ni mali ya shirika. Alilipangusa nyuzi kwa leso, akaliweka mezani polepole, akatoka bila kutuaga. Mimi Meneja Utumishi aliniita pembeni. Palikuwa na gitaa moja kavu ghalani, limepasuka ubavuni, tulilokuwa tukitumia kufanyia mazoezi umeme ukikatika. Gitaa kavu ni lile la mbao lenye tumbo wazi, lisilohitaji umeme. "Lichukue," akaniambia. "Wao wataliona kuni."

Nikalipeleka nyumbani. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akifuga kuku na kuwauzia wasafiri, na kwa miezi ile kuku hao ndio waliotulisha sisi na watoto wetu watatu. Kila nilipolishika gitaa niligundua jambo lililonitisha. Sikuwa na cha kupiga. Ridhimu peke yake ni kama mtu anayeitikia hadithi ambayo hakuna anayeisimulia. Nilikuwa nimefanya kazi ya muziki miaka mingi na sikuweza kupiga wimbo mmoja ukatimia.

Ndipo tukasikia kwamba Bwana Seif anatafuta mpiga gitaa. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, akafungua hoteli ya chakula kando ya barabara kuu pale Ihanja. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameongezeka, na kila mwenye hoteli alitaka madereva wasimamishe kwake. Bwana Seif aliwaza kwamba abiria wakila huku wanasikia muziki watamkumbuka. Hakuwa na umeme, wala hakutaka bendi. Alitaka mtu mmoja na gitaa kavu, na alisema atawasikiliza wote watakaokuja baada ya mavuno ya alizeti.

Nilimkumbuka mwanamke mmoja wa Itigi. Zamani lori letu liliwahi kuharibika pale, nami nikaenda kuzunguka stesheni. Nilisikia magitaa mawili, moja likitembea chini na jingine likiimba juu. Nilipofuata sauti nikamkuta mama mmoja muuza asali, ameketi kwenye kigoda akisubiri treni, na gitaa moja mkononi. Nilimtafuta mpigaji wa pili kwa macho, hakuwepo. Watu waliniambia anaitwa Bibi Tatu, mjane wa gadi wa treni. Alifundishwa na kaka yake aliyerudi kutoka migodini Kongo.

Nilimwambia Mama Neema kwamba nakwenda Itigi. Aliniuliza nitarudi lini, nikasema sijui. Akanifungia mayai ya kuchemsha, akanitazama hadi lori lilipoondoka.

Bibi Tatu nilimkuta uani kwake akichuja asali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata asali?"

"Nimefuata gitaa."

Akafuta mikono, akanitaka nipige. Nikatoa piki, nikapiga ridhimu yangu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akanyoosha kiganja, nikadhani anataka kuiona ile piki. Akaichukua, akaitia kwenye pindo la kanga yake. Sikuiona tena.

"Hii imekula vidole vyako vinne," akasema. "Tuanze na gumba."

Nieleze kidogo hapa, maana ndiyo kazi yenyewe. Katika gitaa kavu mtu mmoja anafanya kazi ya watatu. Dole gumba linashika nyuzi nene tatu za juu, ndilo besi. Linatembea kwa zamu, uzi huu na ule, sawasawa kama mtu anayetwanga, na halitakiwi kusimama kwa sababu yoyote. Kidole cha shahada kinadonoa katikati ya mapigo ya gumba, hiyo ndiyo ridhimu. Cha kati na cha pete vinachukua nyuzi nyembamba na kuuimba wimbo wenyewe. Ukitazama, ni mkono mmoja. Ukisikiliza, ni watu watatu wanaoelewana.

Taabu ilikuwa kwamba gumba langu lilizoea kukumbatiana na kidole cha shahada. Lilipokwenda, vingine vyote vilifuata. Bibi Tatu alichana kipande cha kanga kuukuu, akanifunga vidole vinne pamoja, likabaki gumba. Nilipiga besi tupu siku baada ya siku, huku nikimsaidia kuchuja asali na kupeleka chupa stesheni. Ngozi ya gumba ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena.

Alinifundisha kwa nyimbo za zamani, zile ambazo kila mtu mzima alizijua kabla ya uhuru na baada yake. Wa kwanza ulikuwa wa kumliwaza mfiwa. Ulikwenda taratibu na ulihitaji mikao miwili tu ya vidole kwenye shingo ya gitaa. Wa pili ulimsimanga mgeni aliyekataa kuondoka. Huo ulikuwa na donoadonoa nyingi za shahada, nao ulinitesa. Wa tatu ulikuwa wa kijana anayeposa, na sauti yake ilipanda hadi kwenye uzi mwembamba kabisa huku gumba likibaki chini. "Usipige noti," Bibi Tatu aliniambia. "Imba moyoni, vidole vifuate."

Siku moja dereva wa lori aliyenifahamu alipita Itigi na kunipa habari. Kiongozi Mkumbo naye amekwenda kwa Bwana Seif. Analo gitaa kavu, na ameitaka nafasi ileile.

Nilimweleza Bibi Tatu, nikamwambia nani Mkumbo na nani mimi.

"Umekuja kujifunza gitaa," akauliza, "au umekuja kumshinda mtu?"

"Yote mawili, bibi."

"Basi ondoka na moja, uniachie jingine."

Niliondoka na yote mawili.

Siku ya kusikilizwa tulikutana Ihanja, Kiongozi na mimi. Nilimwamkia, akaitikia, tukakaa kwenye benchi moja kama watu wanaongoja daktari. Bwana Seif aliamua kwamba basi la kwanza ni la Kiongozi, la pili ni langu. Kiongozi alipiga kwa piki, kwa nguvu, zile solo zake zilizofahamika mkoa mzima. Abiria walimnyooshea vidole wakiambiana jina lake. Basi la pili lilipofika nilipiga wimbo wa mfiwa na wimbo wa kuposa. Mwanzo hakuna aliyegeuka. Baadaye niliona dereva ameweka kijiko chini na mama mmoja anaimba kwa midomo bila sauti. Kiongozi alikuwa amesimama nyuma ya nguzo. Hakuwa akinitazama usoni. Alitazama mkono wangu wa kulia, bila kupepesa.

Basi lilipoondoka, Bwana Seif alinichukua kando.

"Wewe umepiga vizuri kumshinda," akasema. "Nina masikio. Lakini yeye ana jina. Dereva anataka kuwaambia abiria, leo mtakula mbele ya Mkumbo. Wewe atakutaja nani?"

Nilirudi Singida nyuma ya lori la chumvi. Mama Neema alinisoma usoni. Nilikodi shamba, nikalima alizeti, nikawa najibu salamu za watu kwa mkato. Jioni nilipiga zile nyimbo tatu, kwa sababu vidole vilikataa kuziacha.

Mvua zilipokuwa zinakatika, asubuhi moja nilikuwa natengeneza banda la kuku nikamwona Kiongozi uani. Amesimama, gitaa lake limefungwa kwenye gunia. Kabla hajaketi akasema alichokuja kusema.

"Kijana wangu, wanakula wamenipa mgongo. Jina lilitosha mwezi wa kwanza. Sasa madereva wanasema ni kelele. Seif amenipa hadi mwisho wa mwezi huu." Akaongeza: "Nifundishe ulichopiga siku ile."

Nilimkaribisha kiti, nikaomba radhi kidogo. Mama Neema alikuwa amekwisha kunivuta nyuma ya nyumba.

"Baba Neema, sikiliza. Hukumfanyia hila. Hukumsema vibaya kwa mtu. Ukikaa kimya tu hadi mwisho wa mwezi, kazi ni yako. Ukimfundisha, umeitoa kwa mkono wako mwenyewe, na watoto hawa utawaambia nini?"

Kila neno lilikuwa la kweli, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuliwaza kabla yake. Niliporudi uani, Kiongozi alikuwa bado ameketi. Nyumba zetu za tope hazifichi maneno.

"Mkeo yuko sahihi," akasema. "Wangu naye angesema hivyohivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba nina kazi ya shamba. Lakini alikuwa ameweka mikono magotini, na nikaona ncha za vidole vyake vya kulia. Zilikuwa zimepasuka na kuganda damu, kila kidole, mahali pasipostahili. Alikuwa akijaribu peke yake. Alijaribu kwa kukumbuka alichokiona mkononi mwangu mara moja tu, kutoka nyuma ya nguzo, na alikuwa amekosea mkao wote. Mtu wa umri ule, aliyewahi kunyamazisha bendi nzima kwa kutazama.

"Fungua gitaa," nikamwambia. "Weka kiwiko hapa."

Mama Neema alituletea uji, akaweka kikombe mbele ya mgeni kwa heshima zote, akaingia ndani.

Siku zile zilikuwa ngumu kwetu sote. Kiongozi hakujua kuwa mwanafunzi, wala mimi sikujua kumsahihisha mtu niliyemwogopa. Mara ya kwanza alipopoteza gumba sikujua nifanye nini, nikafanya alichonifunza: nikaacha kupiga, nikamtazama.

Uso wake ukabadilika. "Usinifanyie hivyo."

"Wewe ulinifanyia."

"Mimi nilikuwa Kiongozi."

"Na mimi leo ni nani?"

Alifunga gitaa lake kwenye gunia, akaondoka. Kesho yake hakuja. Sitaficha kwamba sehemu ya moyo wangu ilipumua. Nilifanya wajibu, na yeye ndiye aliyekimbia. Mama Neema aliimba siku ile akipika. Keshokutwa yake, jua likiwa halijapanda, Kiongozi alikuwa uani, ameketi kwenye kiti kilekile, kiwiko mahali nilipomwonyesha.

Tangu hapo nilimsahihisha kwa maneno. Gumba lake lilikuwa baya kuliko langu lilivyokuwa, kwa kuwa lilishika piki miaka mingi zaidi. Ikabidi nichane kanga. Nilipokuwa namfunga vidole vile vinne, yeye alitazama upande wa barabara, na mimi nilitazama fundo.

"Imekaza?" nikauliza.

"Imekaza. Hesabu mapigo."

Alikuwa na saa kichwani, na hilo lilimwokoa. Gumba lilipoanza kutembea lenyewe, mengine yalikuja haraka. Wimbo wa mfiwa akaupata. Wa mgeni asiyeondoka akaupata kwa shida. Wa kuposa haukutimia. Kila alipopanda kwenye uzi mwembamba, besi lilikufa. Mwezi ukaisha.

"Twende wote Ihanja," akaniambia. "Kaa mlangoni. Nikipotea nitatazama mguu wako."

Kwa hiyo nilikuwepo. Basi lilisimama mchana, abiria wakashuka na vumbi lao, wakaanza kuagiza. Bwana Seif alisimama karibu na jiko, mikono amefumbata. Tayari nilijua kutoka kwa mpishi kwamba Kiongozi alikuwa amemwambia Bwana Seif kuwa gitaa kavu analijua tangu ujana wake, ila mkono ulikuwa unamuuma, na sasa umepona.

Alianza na wimbo wa mfiwa. Gumba lilikwenda. Niliona migongo ikigeuka, mmoja mmoja. Akaingia kwenye wimbo wa mgeni, na watu wa rika lake wakaanza kutabasamu kwa sababu waliyajua maneno. Kisha, bila kuniambia, akaanza wimbo wa kuposa. Alipopanda kwenye uzi mwembamba gumba likayumba. Akainua macho, akautafuta mguu wangu. Nilikuwa nagonga sakafu kwa kisigino polepole, nikiomba asisimame. Pigo moja likapotea. La pili likarudi. Akamaliza.

Mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa akinawa mikono, alimsogelea.

"Shikamoo, mzee. Mtindo huu nimeusikia nikiwa mtoto, sikujua kama bado upo. Umejifunza wapi?"

Bwana Seif alimjibia. "Huyu ni Mkumbo, mama. Amezaliwa nao."

Watu wakacheka kwa kumkubali. Kiongozi angeweza kuacha neno lile lipite, na lingepita. Mimi nilitazama sakafu. Sikutaka anione nikingoja.

"Hapana," nikasikia akisema. "Muulize yule pale mlangoni. Ndiye aliyenifundisha, mwezi huu."

Hakunitazama. Alichukua leso, akaanza kupangusa nyuzi. Bwana Seif alikuwa amefumbua mikono yake.

Yule mama alikuwa Mkuu wa Chuo cha ualimu. Aliniuliza maswali machache huku utingo wa basi akiita abiria. Alisema mkufunzi wake wa muziki ameondoka, na angependa niende nimwone, lakini alikuwa mkweli. "Siwezi kukuahidi kitu. Huenda wizarani wakakataa. Uje tu tuone." Akapanda basi.

Vumbi lilipotua, Bwana Seif alituita wote wawili.

"Mkumbo, uliniambia mkono unauma," akasema. Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo mwenye kazi ni huyu. Unaanza lini?"

Kiongozi alikuwa amekwisha kuanza kulifunga gitaa kwenye gunia. Hakulalamika. Nilimkumbuka Mama Neema nyuma ya nyumba, na nilijua anangoja nirudi na habari gani. Mbele yangu palikuwa na kazi ya uhakika. Nyuma ya lile basi palikuwa na kazi isiyokuwepo bado.

"Nina safari ya chuoni," nikamwambia Bwana Seif. "Na mzee huyu amekupigia wimbo ambao hajaumaliza kujifunza, ukaona watu walivyomsikiliza. Mwachie kiti chake."

Bwana Seif akamwambia Kiongozi kwamba basi la pili linakaribia, anywe chai kwanza.

Chuoni niliwekwa kwenye majaribio mwaka mzima kabla ya kupata barua ya ajira, na mwaka ule tuliishi kwa kuku. Mkuu wa Chuo alikuwa mkali wa wakati na mwepesi wa kusikiliza. Baadaye alikuja Mkaguzi, akakuta wanafunzi wangu wanapiga vizuri bila kujua kusoma nota. "Ukifa leo watawafundishaje wenzao walio mbali?" akaniuliza. Niliudhika, lakini alikuwa na haki. Nikaketi darasani na wanafunzi wangu nikajifunza nota, mtu mzima mwenye mvi, na nilifeli jaribio la kwanza. Kutoka pale nilihamishiwa chuo kingine, na miaka yangu ya mwisho nilipelekwa Nduguti kusaidia upande wa utamaduni, ofisi za wilaya mpya zikiwa bado zinanuka rangi. Mkurugenzi wa wakati ule alipenda kwaya kuliko gitaa. Tulielewana.

Kiongozi alipiga Ihanja hadi lami ilipofika na mabasi yakawa yanapita bila kusimama. Alirudi kwao Iramba. Tulionana misibani na harusini. Hakuwahi kuniita mwalimu, wala hakuwahi kunishukuru. Aliniita kijana wangu hadi nilipokuwa na wajukuu. Lakini nilikuwa nikipata wanafunzi kutoka vijiji vya kwao ambao nilipowauliza nani amewaelekeza, walisema, "Mzee Mkumbo." Alipofariki nilikwenda kuzika. Kaburini hapakuwa na gitaa, ndugu zake walitaka sala tu, na ilikuwa sawa.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Singida. Vijana wanakuja na simu zao, wananionyesha watu wa mbali wakidonoa gitaa kwa kasi ambayo sikuwahi kuifikia. Nawaambia wajifunze popote, kwa yeyote, ila wasiruke nyimbo za taratibu. Wakati mwingine wananiomba niwasimulie habari ya Ihanja, nami nawasimulia, na kwa kawaida wanaondoka wakisema nilifanya vyema.

Mama Neema huwa anasikiliza akiwa jikoni. Hajawahi kukubaliana nao. Wageni wakishaondoka huniambia jambo lilelile, bila hasira, kama mtu anayekumbusha kufunga mlango: "Ingeweza kuharibika. Yule mama angeweza kutoshuka kwenye basi siku ile." Ni kweli, angeweza kutoshuka. Namjibu kwamba haikuharibika, na sote wawili tunajua kwamba hilo si jibu.